Kikundi cha waliopasuliwa kupunguza uzito, Malindi: kikae hospitalini, majumbani, ukumbini, au kwa watu wa sukari na presha?

Upasuaji wa kupunguza uzito watu wa Malindi huufuata Mombasa, Nairobi, wengine India au Uturuki. Ukiruhusiwa kutoka wodini unarudi na karatasi ya lishe, mfuko wa dawa, na tarehe ya kliniki iliyo kilomita 120 kutoka nyumbani, au mbali zaidi. Yanayofuata ni ya huku huku mtaani: biriani ya harusi, futari, mama mkwe anayekusogezea sinia, nywele zinazokatika mwezi wa tatu au wa nne, na jirani anayekuvuta kando akuulize kama u mzima kweli, maana umekonda ghafla. Kukaa na watu wachache waliopitia hayo hakuondoi kliniki, ila husaidia sana kati ya kliniki moja na nyingine.

Wanaotaka kuanzisha kikundi cha kukutana uso kwa uso hukwama karibu wote mahali pamoja: kikae wapi, na nani akishike. Njia zinazowezekana hapa ni nne. Unaweza kukiweka chini ya hospitali au kliniki, mkazungukiana majumbani kwa zamu, mkachukua ukumbi, au mkajiunga na kikundi cha wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu ambacho tayari kipo. Kila njia ina mtu wake.

Vya kupima kwanza

*Idadi.* Hesabu watu unaowajua kwa hakika, usihesabu wa kudhania. Ukijumlisha mji wenyewe, Watamu, Gede, Mambrui na pengine Kilifi, ukapata wanne walio tayari, hicho ni kikundi. Anayengoja wafike 20 huishia kutokutana na yeyote. Wakizidi 12, nako kuna tabu: kila mmoja akisema dakika 5, saa nzima imekwisha na mada haijaguswa.

*Siri.* Wengi waliopasuliwa hawajamwambia mtu. Nje husema wameacha wanga, au wanatembea ufuoni kila alfajiri. Wanaogopa kuambiwa wamepita njia ya mkato, na wanaogopa zaidi maneno, kwa kuwa katika mji mdogo kukonda haraka hufasiriwa ugonjwa. Kwa hiyo jiulize nani atawaona mkiingia, atauliza mnakutania nini, na mtamjibu vipi bila kudanganya. Kwa mji kama Malindi kigezo hiki ndicho huamua kama watu watarudi mara ya pili, kuliko uzuri wa mahali.

*Usahihi.* Waliokatwa tumbo, yaani walioondolewa robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula, hawana masharti sawasawa na waliofanyiwa baipasi, ambao wamebakishiwa kijifuko cha mililita 30 hivi kilichounganishwa na utumbo mdogo. Mwenye baipasi akinunua diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa ajili ya mgongo, anajiweka hatarini kupata kidonda pale palipoungwa. Vidonge vya kupanga uzazi navyo huenda visimtoshe, ilhali mimba inafaa isubiri miezi 12 hadi 18. Kuna kalisi na madini ya chuma, ambavyo havimezwi pamoja bali huachanishwa kwa saa 2. Kuna Ramadhani: ushauri wa kawaida ni kutofunga mpaka upite mwaka mmoja au mwaka na nusu, na hata hapo ruhusa itoke kwa daktari. Maswali haya yote yataulizwa kikundini. Nani atayajibu?

*Fedha, kufika na kudumu.* Haya huenda pamoja. Saa nzuri ni kati ya alasiri na magharibi, tuseme saa 10 na nusu hadi saa 12 jioni, ili wa Watamu na Mambrui wapate matatu ya kurudi. Wafanyakazi wa hoteli hawapatikani Desemba na Januari, wala Julai na Agosti. Na mwanzilishi akihama au akichoka, kikundi kina mtu wa pili anayejua daftari liko wapi?

Njia ya kwanza: hospitalini au kliniki

*Kuanzisha.* Andika barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa hospitali, nakala kwa mkuu wa kitengo cha lishe. Sema ninyi ni nani, mtakutana mara ngapi, saa ngapi, na mnaomba nini hasa: chumba, viti 12, mizani, na mtaalamu wa lishe kwa dakika 30. Sema pia msichoomba, yaani fedha na dawa; sentensi hiyo hufungua milango. Omba Jumamosi mchana, kliniki zikiwa zimepungua. Barua ikilala wiki 3 bila jibu, mfuate mtaalamu wa lishe mwenyewe kwa miguu. Ndiye atakayeifufua.

*Siri.* Ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kila mtu huenda hospitali, hakuna anayeshangaa kukuona langoni. Kinachofichua ni bango la mlangoni. Waombe waandike "Lishe" basi.

*Usahihi.* Hapa ndipo penye nguvu yake, kwa sharti moja. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ya kaunti ndogo amezoea kisukari, wajawazito na watoto wenye utapiamlo, na huenda hajawahi kumhudumia aliyepasuliwa tumbo. Atakuchorea sahani ya kawaida: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Mwenye tumbo linaloshika nusu kikombe akianza na mchicha na wali, samaki atambakia sahanini. Kwake protini hutangulia, gramu 60 hadi 80 kwa siku, na maji hunywewa mbali na chakula, nusu saa baada ya kula. Dawa ya hili ni rahisi: wiki 2 kabla ya mkutano wa kwanza, kila mwanachama ampelekee nakala ya barua ya kuruhusiwa na karatasi ya lishe aliyopewa na hospitali iliyompasua. Wengi wao hufurahi kuzipata.

Muulizeni pia kama pana kitambaa kikubwa cha kupimia presha. Mkono wenye mzingo wa zaidi ya sentimita 35 hivi ukifungwa kitambaa cha kawaida, mashine husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mtu huongezewa dawa asiyoihitaji.

*Fedha.* Nauli tu.

*Panapoharibika.* Mtumishi huhamishwa, au mgomo huingia, na kikundi kilichomtegemea mtu mmoja hufa kimya kimya. La pili ni mkutano kugeuka mhadhara: wanachama wamekaa safu kama darasani, mmoja anasema, wengine wananakili. Pangeni viti kwa duara na mtaalamu apewe dakika zake 30, zilizobaki ziwe zenu. Kwa kliniki ya binafsi kuna la tatu. Inayouza upasuaji ina haja ya kuwaleta wateja watarajiwa wakae kando yenu wasikie mazuri matupu. Kubalianeni mapema nani anamiliki orodha ya wanachama, na anayefikiria kupasuliwa aje siku maalumu, pengine mara moja kwa robo mwaka, aambiwe na ya kutapika, ngozi iliyoning'inia, na uzito unaoweza kuanza kurudi baada ya mwaka wa pili.

*Inamfaa nani.* Aliye ndani ya miezi 6 ya kwanza, anayeendelea na dawa za sukari au presha, na asiyetaka watu nyumbani kwake.

Njia ya pili: majumbani kwa zamu

*Kuanzisha.* Hakuna iliyo nyepesi kama hii. Simu nne, Jumapili moja, mmekutana. Anayekaribisha awe na chumba chenye mlango unaofungika. Baraza ya nje ni tamu kwa upepo lakini kila apitaye hutoa salamu, na kila salamu hukata sentensi ya mtu aliyekuwa karibu kulia.

*Siri.* Kutembeleana ni desturi, hakuna atakayeuliza kwa nini kina mama watano wamekaa kwa Bi fulani. Hatari iko ndani ya nyumba: watoto, dada wa kazi, wifi aliyekuja kuazima sufuria. Mwenyeji aulizwe kabla, bila haya, nani atakuwepo na nani anajua. Kuna wake ambao waume zao hawajui yote, na kuna waume pia.

*Usahihi.* Dhaifu. Mwenye sauti kubwa huwa daktari wa kikundi. Wekeni daftari la maswali: kila swali la dawa, kipimo au mimba liandikwe, lisijibiwe, kisha mmoja alipeleke kwa daktari au mtaalamu wa lishe na kurudi na jibu mkutano ujao. Kusimulia "mimi nilifanya hivi" kunaruhusiwa. "Wewe fanya hivi" hakuruhusiwi.

*Fedha.* Karibu bure, na hapo ndipo mtego ulipo.

*Panapoharibika.* Chakula. Mwenyeji wa pwani hawezi kuketisha wageni akawapa maji matupu, na mgeni asiyeonja amemvunjia heshima. Zamu ya kwanza huwa chai. Ya pili, mahamri na mbaazi. Ya tatu, sambusa, juisi ya ukwaju, kipande cha halwa na kahawa. Ikifika ya nne mtu anasema mtoto anaumwa, kwa sababu hana cha kushindana. Hapo hapo, aliyefanyiwa baipasi na akaona haya kukataa halwa, baada ya dakika 10 hadi 30 moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota, anatafuta choo katika nyumba ya watu. Au huondoka mzima, na saa moja hadi 3 baadaye, yumo kwenye tuktuk, sukari inamshuka, anatetemeka na macho yanamwingia giza.

Sharti liandikwe siku ya kwanza na lisomwe kila mara: maji, na chai ya tangawizi isiyotiwa sukari. Hakuna kinachotafunwa. Likitoka kwa kikundi, si kwa mwenyeji, hakuna anayeonekana mchoyo. Mkitaka kupika, fanyeni mapishi kuwa mada. Chukueni siku moja kujumlisha protini ya vyakula vya hapa: mayai 2 ni gramu 12, vikombe 2 vya maziwa au mtindi gramu 16, changu aliyepikwa gramu 150 ni kama 33, nusu kikombe cha mbaazi zilizopikwa ni 6. Jumla ni kama gramu 67, na hakuna unga wa protini wa bei ghali ndani yake. Mkiziweka sahani hizo mezani mtaona pia jinsi zilivyo nyingi kwa tumbo dogo, na kwa nini lazima zigawanywe mara 4 au 5 kwa siku. Tui la samaki wa kupaka lifanyeni jepesi. Mafuta mengi huwasumbua baadhi.

Jambo jingine ni wanaume. Kundi la majumbani huwa la wanawake hata bila kukusudia, na mwanamume mmoja aliyemo huja mara mbili akapotea. Afadhali kusema wazi tangu mwanzo kwamba ni la kina mama.

*Inamfaa nani.* Watu 4 hadi 7 wanaoaminiana, waliotulia kiafya, wanaoishi karibu karibu, tuseme Shella, Barani na Ngala.

Njia ya tatu: ukumbini

*Kuanzisha.* Ukumbi si lazima uwe ukumbi. Darasa la shule Jumamosi, chumba cha madrasa, jengo la kanisa, ofisi ya chama cha akiba, au chumba cha mikutano cha hoteli msimu wa mvua. Kuanzia Aprili hadi Juni hoteli nyingi za Malindi na Watamu ama zimefunga ama ziko tupu, na meneja huwa mwepesi wa kukubaliana bei. Lakini usijenge kikundi juu ya bei hiyo. Desemba haipo.

Mkifikia watu 10 mnaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mnahitaji katiba fupi, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha, viongozi, na orodha ya wanachama. Cheti kinafungua akaunti ya benki na kurahisisha kuomba majengo ya umma. Kumbukeni tu kwamba orodha ile inakaa ofisini kwa watu. Jina la kikundi basi lisiseme upasuaji. "Lishe na Afya" linatosha na si uongo. Chini ya 10 msihangaike na cheti.

*Siri.* Inategemea jengo. Msikitini au kanisani pana heshima na utulivu, ila nusu ya watu hawataingia. Shuleni hakuna anayejali. Kwenye hoteli, ubao wa mapokezi wenye majina ya mikutano ya siku usomeni kabla hamjapanda.

*Usahihi.* Ya kati. Mna nafasi ya kumwalika mtu: muuguzi, mfamasia, mnasihi, kila mtu siku yake. Daftari la maswali liendelee vile vile.

*Fedha.* Orodha ya kawaida kwa watu 12 ni kodi ya saa 2, viti, maji ya lita 20, na nauli ya mgeni. Gawanyeni kwa idadi ya chini kabisa mnayotarajia, siyo ya juu. Mkikadiria 12 na wakaja 6, wale 6 hulipa mara mbili, na mkutano unaofuata hubaki 4. Changeni kwa mweka hazina mmoja anayesoma mapato na matumizi kwa sauti kila mwisho wa mkutano, na asiye nacho asiulizwe mbele ya watu.

Viti navyo vinataka sentensi zake. Vile vya plastiki vyenye mikono humbana nyonga mtu mnene, na kwenye sakafu laini miguu ya nyuma hufunguka, mtu akaenda chini mbele ya wageni. Huyo humwoni tena. Chukueni mabenchi ya mbao au viti visivyo na mikono. Vikikosekana, tumbukizeni viti viwili vya plastiki kimoja ndani ya kingine, na mvipange vyote hivyo hivyo ili kisiwe kiti cha fulani. Ghorofa bila lifti iacheni.

*Panapoharibika.* Fedha, kama kila chama. Mchango wa maji hugeuka akiba, akiba hugeuka mikopo, na siku mtu anadaiwa haji tena kuzungumzia afya yake. Mkitaka merigoraundi, ifanyeni siku nyingine na jina jingine. Wa pili ni wauzaji. Kikundi cha watu wanaotaka kupungua ni soko, na haichukui muda mgeni mchangamfu kuja na chai ya kukondesha au vidonge vya majani kwenye mkoba. Kanuni ni fupi: hakuna kuuza, hata kwa mwanachama wa siku nyingi, hata kama ni zuri.

*Inamfaa nani.* Watu 8 na kuendelea, mchanganyiko wa wake na waume, na wanaotoka mbali kwa sababu mahali hapabadiliki kila mwezi.

Njia ya nne: kwa watu wa sukari na presha

*Kuanzisha.* Kliniki nyingi za kisukari na presha zina kikundi cha wagonjwa wao. Ongea na muuguzi wa kliniki, mwombe uhudhurie mara mbili kabla ya kujitambulisha kwa lolote.

*Siri.* Kubwa kuliko zote. Sukari na presha ni magonjwa ya kila nyumba, hakuna anayekuuliza zaidi.

*Usahihi.* Hapa lazima kuangalia. Baada ya upasuaji sukari huweza kushuka haraka, wakati mwingine ndani ya siku chache, na daktari hupunguza au kuondoa dawa. Wenzako pale wamefundishwa, na kwa haki yao, kutoacha dawa abadani. Anayewasikiliza wao akaendelea kumeza glibenklamidi, dawa yake ya sukari ya zamani, huku anakula vijiko 5 anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Kipimo chako kinatoka kwa daktari wako tu.

*Fedha.* Mchango wao wa kawaida, mara nyingi mdogo.

*Panapoharibika.* Hupati wa kuzungumza naye ya ngozi, kutapika, au ndoa iliyobadilika baada ya mwili kubadilika. Unasaidiwa nusu.

*Inamfaa nani.* Aliye peke yake, au wawili, Marafa au Mpeketoni, au kisiwani Lamu ambako kuja Malindi ni boti hadi Mokowe kisha siku nzima ya barabara kwenda na kurudi.

Yasiyobadilika popote mkaapo

Mkutano wa dakika 90 hupangika hivi: 10 za kanuni na kukaribishana, 35 za kila mtu kusema, 30 za mada, 10 za kuandika maswali, 5 za kuaga. Walio katika miezi 6 ya kwanza wanahitaji mara mbili kwa mwezi, wengine mara moja inatosha. Ramadhani hamishieni baada ya tarawehe au mpumzike kabisa.

Mizani ikiwepo iwe inayobeba kilo 200. Nyingi za nyumbani hukomea 150 au 180. Iwekwe nyuma ya pazia, kila mtu aandike kadi yake, na kilo zisitangazwe. Vikundi vinavyopigia makofi kilo humfukuza yule aliyeanza kurudisha uzito, ambaye ndiye anayewahitaji zaidi.

Picha hakuna. Kundi la WhatsApp huonyesha namba na majina ya wote kwa wote, kwa hiyo tarehe zitumwe kwa ujumbe wa mtu mmoja mmoja. Habari za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Daftari lifungiwe.

Kila mwanachama awe na kikaratasi cha dalili zisizongoja mkutano: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia, kukosa pumzi, shavu la mguu kuvimba, kinyesi cheusi, au kushindwa kuhifadhi hata maji siku nzima. Aliyetapika siku kadhaa, kisha miguu ikafa ganzi, akaona vitu viwili viwili au akachanganyikiwa, huenda vitamini B1 imemwishia. Kikaratasi kiseme wazi: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo. Tafadhali nipewe B1 kabla ya dripu ya glukosi." Katika kituo cha afya kitu cha kwanza kutundikwa huwa dripu, na glukosi bila B1 inaweza kuharibu ubongo.

Muwe pia na namba ya mnasihi au daktari wa akili. Pombe hupanda kichwani upesi zaidi baada ya upasuaji, na wapo ambao faraja waliyoipata kwenye chakula huihamishia huko. Mtu akisema amechoka kuishi, msimwombee dua mkamwacha aende peke yake. Mmoja amsindikize siku ile ile.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako, anza kwa watu wa sukari na presha, na umwachie muuguzi wa kliniki namba yako kwa ajili ya mwingine atakayetokea. Ndivyo wa pili hupatikana.

Mkiwa 3 au 4, wote wanawake, mmoja ana nyumba yenye faragha: majumbani, lakini fanyeni nyumba moja ya kudumu badala ya zamu ikiwa wengine wana nyumba zilizojaa. Zamu ni ya haki, ila siri ina uzito kuliko haki hapa.

Kukiwa na yeyote chini ya miezi 3 tangu apasuliwe, au anayetumia insulini, tafuteni hospitali hata kama ni mkutano mmoja kwa miezi 2, na mengine mkutane kwingine.

Mna mwanamume mmoja au wawili, au dini tofauti: ukumbi wa shule. Mna mtu aliye bado mnene sana, anayejiandaa: angalieni viti na ngazi kwanza, kisha bei.

Mkizidi 12, gawanyikeni kwa muda tangu upasuaji, walio chini ya mwaka mmoja na waliopita mwaka. Wa kwanza watauliza supu na uji, wa pili watauliza kwa nini kilo 6 zimerudi, na ni vigumu kuwatosheleza wote ndani ya dakika 90. Mwenyekiti mmoja anaweza kushika yote mawili, Jumamosi ya kwanza ya mwezi na ya tatu, mpaka apatikane wa kupokea moja.